Safari Huanzia Shambani

Kijana wa Lwiro, Kivu Kusini nchini Kongo, anayevuka mto Ruzizi usiku bila karatasi hakuanzia safari mpakani. Alianzia shambani. Huku wilayani Kabare, asiye na kalinzi, ile haki ya ardhi inayorithiwa, hulima kwa bwasa: anakodi kwa msimu, na haruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa. Anavuna maharage, anarudisha shamba, anaanza upya mikono mitupu. Juu yake kuna Hifadhi ya Kahuzi-Biega na mashamba makubwa ya chai. Chini, Ziwa Kivu. Asogee wapi? Anakopa nauli ya kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga; yakimshinda, anatafuta Uganda au Tanzania.

Kumkamata na kumrudisha ni kumrudisha kwenye bwasa ileile. Tunawaomba machifu wa Kabare wakubali mikataba ya maandishi ya miaka kumi, yenye ruhusa ya kupanda kahawa. Karatasi ya kusafiria nayo iwe ya bei anayoimudu mkulima. Na kituo cha utafiti cha hapa Lwiro, mrithi wa IRSAC, taasisi ya utafiti ya kikoloni iliyoanzishwa 1947, kipewe fedha za kusambaza mbegu bora za mihogo. Mama anayepasua muhogo akakuta umeoza ndani hawezi kumzuia mwanawe asiondoke.