Parachichi Tamu la Wafilipino

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba parachichi huliwa kwa chumvi na ndimu, au hukatwa vipande pembeni ya wali na maharage, basi. Mama akionekana anatia sukari kwenye parachichi ataulizwa kama yu mzima. Nasi tulikuwa wa kundi hilo hilo, mpaka jirani yetu mmoja aliporudi kutoka Maskati.

Alikuwa amekwenda huko kufanya kazi za nyumbani, akakaa miaka minne. Chumba alilala pamoja na mama wa Kifilipino aliyewaacha watoto wake watatu kwa dada yake. Siku ya Ijumaa jioni, kazi zikipungua, yule mama alinunua parachichi moja, akaliponda kwa maziwa ya kopo na barafu, wakagawana vikombe viwili. Walikunywa huku wakionyeshana picha za watoto. Jirani anasema kikombe cha kwanza alikunywa kwa adabu tu. Cha pili alikiomba mwenyewe.

Huko Ufilipino hilo si jambo la ajabu. Parachichi, ambalo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, wao wanaliita abokado na kulihesabu pamoja na matunda matamu kama embe na ndizi. Nyumba nyingi hazina haja hata ya mashine: nyama ya tunda huchotwa kwa kijiko, humiminiwa maziwa na sukari, hutiwa barafu, huliwa bakulini. Maziwa ya kopo yalienea sana nchini humo wakati wa utawala wa Wamarekani, kuanzia 1898 hadi 1946. Katika nchi yenye joto na ng'ombe wachache wa maziwa, kopo lilikuwa na faida yake, kwani haliharibiki upesi.

Mahitaji kwa watu wanne ni haya: maparachichi 2 ya wastani yaliyoiva vizuri, kikombe 1 cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa, vijiko vikubwa 5 vya maziwa ya kopo mazito yenye sukari, na vipande vya barafu vya kujaza kikombe kimoja na nusu. Barafu igandishwe kwa maji yaliyochemshwa.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua tunda. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Likibonyea kidogo, tayari. Likiwa gumu usilitie kwenye friji, maana baridi hulizuia kuiva. Lifunge kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu, uliache siku mbili au tatu. Parachichi bichi halisaidiwi na sukari yoyote, tumejaribu. Lile lenye nyuzi nyeusi ndani nalo litupe.

Likate, toa kokwa, uchote nyama kwa kijiko mpaka karibu na ganda, kwa sababu ile sehemu ya kijani iliyo pembeni ndiyo inayokipa kinywaji rangi yake nzuri. Tia kwenye mashine ya kusagia matunda pamoja na maziwa yote mawili, usage mpaka kuwe laini, halafu ndipo utie barafu na kusaga tena kidogo. Kiwe kizito cha kukaribia kulika kwa kijiko. Ukiona ni kizito mno, ongeza maziwa, siyo maji.

Hapa tuna onyo moja tulilolipata kwa hasara. Siku moja tulikuwa na haraka tukatumia maziwa ya moto moto. Parachichi likipata joto huwa chungu, na jagi zima likatushinda kunywa. Subirini maziwa yapoe.

Asiye na mashine, au umeme umekatika, aponde tunda kwa uma, alipitishe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, kisha apige na maziwa kwa mwiko mpaka mkono uchoke. Barafu ataipondaponda ndani ya kitambaa safi. Na kama kopo ni ghali kwenu, chukua vikombe 2 vya maziwa na theluthi mbili za kikombe cha sukari, uchemshe kwa moto mdogo bila kufunika, ukikoroga, mpaka yabaki nusu. Yapoze. Hutaona tofauti kubwa.

Kwenye kopo lile, karibu nusu ya uzito ni sukari, kwa hiyo msiongeze nyingine. Aliyeambiwa na daktari apunguze sukari asage parachichi na maziwa matupu na kipande cha ndizi, tena kidogo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mpe parachichi lililopondwa tupu, akishatimiza miezi sita. Na kinywaji hiki kinywewe siku hiyo hiyo. Kikikaa hugeuka rangi ya kahawia.

Jirani yetu alipotutengenezea mara ya kwanza, sababu haikuwa sisi. Mwanawe wa mwisho alimwacha na mwaka mmoja na nusu, akamkuta na mitano na ushei, naye anamwita bibi yake "mama". Kwa wiki tatu hakupokea kitu mkononi mwa mama yake, hata biskuti. Siku ile alisimama mlangoni akisikiliza mashine, akaja, akapokea kikombe. Alikunywa nusu. Iliyobaki akaibeba kwa mikono miwili kumpelekea bibi. Jirani alicheka, akageuka kuosha vyombo, nasi hatukuongea neno.

Jumamosi iliyofuata mtoto aliuliza mwenyewe kama kuna parachichi lililoiva. Sasa kazi ya kuyabonyeza sokoni ni yake, wakienda na mama yake. Anabonyeza kwa nguvu mno, na wauza matunda wameanza kulalamika.