Uwanda Nao Una Haki Yake

Miongoni mwa watu waandikao juu ya safari za pikipiki katika Marekani imeota mizizi kawaida moja. Mtu akiuliza apite barabara zipi ili avuke bara lile kutoka Atlantiki mpaka Pasifiki, macho yake yakifaidi mandhari, hupewa orodha ya milima. Huambiwa apite Blue Ridge Parkway katika Virginia na North Carolina, apande Beartooth katika Montana na Wyoming, wala asikose kona za Tail of the Dragon mpakani mwa Tennessee. Ama nchi iliyo baina ya Mto Mississippi na Milima ya Rocky, huambiwa kuwa haina kitu: ashike barabara kuu, akaze mwendo, aimalize upesi. Shauri hili limerudiwa mara nyingi hata likavaa joho la ukweli. Lakini ni hukumu iliyotolewa pasipo kumsikiliza mshitakiwa, nayo yastahili kukatiwa rufani.

Hapana haja ya kuitukana milima ili kuutetea uwanda. Barabara ya Beartooth, iliyofunguliwa mwaka 1936, hupanda mpaka futi 10,947 juu ya usawa wa bahari, na theluji huifunga kila mwaka kwa miezi mingi. Asiyestaajabu akiwa hapo ana moyo mgumu. Ubishi si juu ya uzuri wa milima. Ubishi ni juu ya wale waufanyao uzuri huo kuwa kipimo pekee, kisha wakaifuta nchi nzima katika daftari kwa kosa la kuwa tambarare.

Kipimo chenyewe kikipimwa huonekana kina kasoro. Tail of the Dragon husifiwa kwa kuwa na kona 318 katika maili 11. Lakini mwendeshaji apitaye hapo hawezi kutazama kitu ila lami iliyo mbele ya gurudumu lake. Akiinua macho autazame msitu, msitu utampokea kwa namna asiyoipenda. Huo ni mchezo wa ustadi, na ustadi una heshima yake. Bali kuiita hiyo barabara ya mandhari ni kutumia neno bila kujali maana. Macho ya msafiri hupata uhuru katika barabara iliyonyoka, na hiyo ndiyo barabara anayoambiwa aikimbie.

Blue Ridge Parkway nayo ina habari yake. Ilianza kujengwa mwaka 1935, na kipande chake cha mwisho hakikwisha mpaka mwaka 1987. Katika maili zake 469 malori ya biashara hayaruhusiwi, wala mabango ya matangazo hayasimamishwi. Ni bustani ndefu, iliyotengenezwa kwa makusudi ili mpitaji aone yale ambayo wajenzi walitaka ayaone. Bustani ni kitu kizuri. Lakini mtu aliyetembea bustanini tu asidai kwamba ameijua nyumba.

Husemwa tena kwamba kupenda milima ni jambo la maumbile, halihitaji kufundishwa. Historia ya pikipiki yenyewe haikubali. George Wyman, mtu wa kwanza kuvuka Marekani kwa chombo chenye injini, aliondoka San Francisco mwezi wa Mei 1903 akafika New York mwezi wa Julai, baada ya siku 50 hivi. Magharibi barabara zilikuwa chache na mbovu, hata akalazimika kwenda juu ya mataruma ya reli. Mwaka 1916 ndugu wawili wa kike, Augusta na Adeline Van Buren, walisafiri kutoka New York mpaka California, kila mmoja na pikipiki yake. Kwa wasafiri wa namna hiyo mlima ulikuwa kizuizi kabla ya kuwa picha. Lami ndiyo iliyougeuza. Basi ikiwa jicho lilifundishwa kuupenda mlima, laweza pia kufundishwa kuuona uwanda.

Neno “hapana kitu” nalo lina historia, wala si njema. Mwaka 1820 msafara wa Stephen Long ulipita katika nyanda hizo, na ramani yake ikaziita jangwa kubwa. Kumbe zilikuwa na nyasi, nyati na watu: Wapawnee, Walakota, Wacheyenne na wengineo. Mwanzo jina hilo liliwaweka walowezi mbali. Ilipotambulikana kwamba udongo wafaa kulimwa, jina la jangwa lilififia, lakini dhana ya utupu ikabaki. Sheria ya mwaka 1862 ikawaahidi walowezi ekari 160 kila mmoja, na katika miaka ya 1870 Wapawnee wakahamishwa kutoka Nebraska wakapelekwa katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Ramani peke yake haikuwahamisha. Lakini ni rahisi kuchukua nchi ambayo imekwisha kuitwa tupu. Mwendesha pikipiki wa leo arudiapo neno hilo hachukui ardhi ya mtu, ila anaazima ulimi wa waliochukua.

Na huo utupu una nini? Msafiri aiachaye Interstate 80 akashika Barabara ya 2 ya Nebraska, baina ya Grand Island na Alliance, huingia Sandhills, nchi ya vilima vya mchanga yenye eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi. Mchanga huo zamani ulihama kwa upepo. Mizizi ya nyasi ndiyo iliyoutuliza. Chini yake yamo maji mengi ya Ogallala, na mabondeni maji hutokeza yakawa maziwa madogo. Kusini ya hapo, katika Mto Platte, makorongo kwa mamia ya maelfu hutua kila mwaka mnamo mwezi wa Machi. Mtu aliyepita usiku kwa haraka hakukuta utupu, aliuleta mwenyewe.

Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuielewa hoja hii upesi kuliko wengine. Hakuna nahodha aliyesema kwamba bahari haina kitu kwa sababu haina milima. Alisoma rangi ya maji, mwendo wa mawingu na mageuko ya upepo. Uwanda nao husomwa hivyo hivyo: mvua huonekana ikija kutoka mbali, na ghala la nafaka huchomoza kama mlingoti kabla ya mji wake kuonekana. Kadhalika, hakuna msomaji wa haki ausomaye utenzi kwa kuchagua beti tano tamu na kuziruka mia zilizobaki. Robert Pirsig alilijua jambo hili. Kitabu chake Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilichotoka mwaka 1974, chatokana na safari aliyoifanya na mwanawe mwaka 1968. Kabla ya kuifikia Beartooth wasafiri wake huzipita nyanda za Dakota kwa barabara ndogo, na fikira za kitabu huanza kukomaa huko.

Wapinzani watasema kwamba uwanda huchosha, na uchovu huua. Neno hili lina uzito. Upepo wa nyanda humsukuma mwendeshaji ubavuni kwa saa nyingi. Wakati wa joto mvua ya mawe huja kwa ghafla wala hapana pa kujificha. Kituo cha petroli chaweza kuwa mbali. Lakini hizo ni hoja za kujiandaa, si hoja za kudharau. Theluji ya Beartooth nayo ni hatari, wala hakuna aliyeifuta Beartooth orodhani.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la watu. Sheria ya mwaka 1956 ilieneza barabara kuu zinazoikwepa miji. Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilifutwa rasmi mwaka 1985, na mji wa Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, ukabaki magofu. Wapenzi wa pikipiki huyalilia magofu hayo na kuyapiga picha. Kisha huikimbia miji ya nyanda iliyo hai bado, ambayo haiombi machozi bali mteja wa chakula na petroli. Mwaka 1986 gazeti la Life liliiita US 50 ya Nevada barabara pweke kuliko zote katika Marekani. Watu wa Nevada hawakununa. Waliligeuza jina hilo kuwa sifa, wakawa wakiwagongea wapitaji mihuri mji kwa mji.

Mchagua nazi hupata koroma. Achaguaye maili tamu tu hajavuka bara. Ameruka kutoka kisiwa mpaka kisiwa. Orodha za barabara njema ziandikwe upya, na uwanda upewe ndani yake siku zake na mwendo wake wa pole. Aukataaye asiseme kwamba ameiona Marekani. Na aseme, kwa haki, kwamba ameiona milima yake.