Utanzu Usio na Baraza: Bunilizi ya Kisayansi Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu nafasi ya bunilizi ya kisayansi katika fasihi ya Afrika Mashariki umewagawa wahakiki katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba utanzu huu ni zao la viwanda vya Ulaya na Marekani, na kwamba hauwezi kuwa na shina katika jamii ya wakulima kama ile ya Kisii na Nyamira. Kambi ya pili hudai kinyume chake: kwamba Mwafrika amekuwa nao tangu kale, na kwamba manabii wake ndio waliokuwa watunzi wa mwanzo.

Makala haya yanazipinga kambi zote mbili. Kinachokosekana Kisii na Nyamira si maudhui wala vipaji, bali ni baraza: mkutano wa kudumu, wa kila mwaka, ambamo wasomaji wa utanzu huu wangekutana ili kubishana juu ya vitabu. Wala baraza la namna hiyo si anasa. Gharama ya kutojua kulisoma jambo lililobuniwa imekwisha kuonekana katika eneo hilo hilo.

2.0 Dai la Ugeni

Dai la kwanza linakanushwa na rafu za maktaba. Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani katika Kusadikika (1951). Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anampakia mhusika wake Dzombo, aliyehukumiwa kifo, katika chombo kinachompeleka kwenye ulimwengu mwingine. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) na K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) walivuka mipaka ya uhalisia kwa makusudi.

Tatizo basi si uhaba wa matini bali ni namna zinavyosomwa. Kila riwaya ya Kiswahili inapoiacha ardhi, mhakiki huikimbilia istiari. Chombo cha Dzombo hugeuzwa mara moja kuwa alama ya udhalimu wa dola, na Walenisi kuwa ndoto ya ujamaa. Usomaji huo ni sahihi, lakini ni nusu ya usomaji. Hauulizi jamii ile inazalishaje mali, inatumiaje maarifa yake, wala kama sheria zake zinaoana. Mhakiki aliyekwisha kuamua kwamba kila ajabu ni fumbo la siasa hawezi kuuona utanzu wa kisayansi hata ukiwekwa mbele yake.

Aidha, hoja kwamba Wagusii hawakuwa na sayansi ya kuandikia inapuuza habari za ababari. Wataalamu hao walipasua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu ili kumtibu mtu aliyejeruhiwa kichwani, na madaktari wa karne ya 20 waliziandika habari zao kwa mshangao. Hapa pana vifaa maalumu, pana utaratibu, pana maarifa yaliyorithishwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, na pana hatari ya kifo kwa kosa dogo la mkono. Mwandishi anayetafuta swali la kisayansi la kubunia riwaya hana haja ya kulifuata ng'ambo. Anaweza kuuliza: ingekuwaje kama maarifa hayo yangeendelezwa kwa karne moja bila ya kukatizwa na hospitali ya mkoloni?

3.0 Dai la Unabii

Kambi ya pili humtaja Sakawa. Simulizi za Wagusii zinaeleza kwamba nabii huyo, aliyetoweka mwanzoni mwa karne ya 20, alitabiri kuja kwa wazungu, na kwamba pale Getembe, ulipo mji wa Kisii leo, alionyesha mahali ambapo majengo ya utawala mpya yangesimama. Kwa wahakiki hawa, huo ni ushahidi tosha kwamba bunilizi ya kisayansi ilizaliwa Gusii kabla ya kuwasili kwa shule.

Dai hili linapendeza, lakini halina mashiko. Unabii hutaka kuaminiwa. Wafuasi wa Mumbo, vuguvugu lililoenea Gusii kuanzia miaka ya 1910, hawakumngoja Sakawa arejee kama msomaji anavyoingoja sura ya mwisho ya riwaya. Walimngoja kwa imani, na serikali ya kikoloni iliwaandama kwa sababu ya imani hiyo. Kumwita Sakawa mtunzi wa bunilizi ni kumvunjia heshima yeye na wafuasi wake, na ni kuuvuruga utanzu wenyewe.

Bunilizi ya kisayansi haimtaki msomaji aamini. Humtaka akubali, kwa muda tu, jambo moja lisilokuwepo, kisha adai hesabu ya yote yatokanayo nalo. Mwandishi akishindwa kuitoa hesabu hiyo, msomaji ana haki ya kumkatalia. Haki hiyo ya kukataa ndiyo inayoitenga bunilizi na unabii, na ndiyo inayoitenga pia na uvumi.

4.0 Daftari la Mwaka 2008

Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto na umati katika eneo la Gusii kwa tuhuma za uchawi. Taarifa za habari za wakati huo zilieleza kwamba wanakijiji walitaja daftari lililosemekana kupatikana katika shule ya msingi, likiwa na kumbukumbu za kikao cha wachawi na majina ya watu ambao wangerogwa. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo huko Marani, Kaunti ya Kisii.

Sababu za mauaji ya aina hii ni nyingi, na migogoro ya ardhi imetajwa mara kwa mara. Hakuna riwaya iwezayo kuitatua migogoro hiyo. Hata hivyo, daftari ni matini, na hapo ndipo idara ya fasihi inapohusika. Matini ilisambaa ikapokewa kama ushahidi. Maswali ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kuyauliza hayakupata nafasi: Ni nani aliyeandika? Anamwandikia nani? Kwa nini watu wa siri waweke kumbukumbu za kikao kama wanachama wa ushirika wa kahawa, kisha waziache shuleni? Jambo lililobuniwa lilisomwa kama taarifa, na watu wakafa.

Mhakiki anayesema kwamba bunilizi ya kisayansi ni mchezo wa walioshiba ana wajibu wa kueleza ni zoezi gani jingine linalomfunza msomaji kulipokea jambo la ajabu bila ya kulisujudia, na kulihoji mbele ya wenzake bila ya kuogopa.

5.0 Baraza la Wasomaji

Zoezi hilo hushamiri palipo na watu wa kubishana nao. Historia ya utanzu huu nchini Marekani inathibitisha hivyo. Mkutano wa Boskone ulianza Boston mwaka 1941, ukakoma baada ya miaka michache, ukafufuliwa miaka ya 1960. Chama kinachouendesha kina kitengo cha uchapishaji kilichowarudishia wasomaji vitabu vilivyokwisha kutoweka madukani. Readercon, ulioanza Massachusetts mwaka 1987, ulijifunga kwa fasihi peke yake, na una desturi ya kumtukuza mwandishi aliyekwisha kufariki pamoja na wageni wa heshima walio hai. Mikutano hii haikuanzishwa na serikali wala na wachapishaji wakubwa. Ilianzishwa na wasomaji.

Itajibiwa kwamba Kenya tayari ina mikutano ya kutosha. Ni kweli kwamba wanafunzi wa Kisii na Nyamira hushiriki tamasha za drama na kongamano la sayansi. Lakini katika ukumbi mmoja mwanafunzi hubuni bila ya kuulizwa habari za sayansi, na katika ukumbi wa pili huonyesha sayansi bila ya kuruhusiwa kubuni. Isitoshe, kumbi zote mbili hutafuta mshindi. Kikombe kikishatolewa, mswada hubaki kabatini.

Tuzo nazo hazitoshi. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imeinua uandishi wa Kiswahili, na tuzo za Nommo, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, zimewatambua waandishi wa Kiafrika wa utanzu huu. Lakini tuzo humtafuta mwandishi, ilhali baraza humtafuta msomaji. Mwandishi asiye na wasomaji wanaomngoja mwakani huandikia waamuzi.

Baraza la Kisii na Nyamira halihitaji kumbi za fahari. Linahitaji chumba, siku mbili za likizo, nakala za vitabu vitatu, na ahadi ya kukutana tena mwaka ujao. Lugha zake ziwe Kiswahili na Ekegusii, kwani ubishi wa kweli haufanywi kwa lugha ambayo nusu ya waliohudhuria wanaiogopa. Mgeni wa heshima wa kwanza awe marehemu Katama Mkangi, na Walenisi isomwe safari hii kama ilivyoandikwa, chombo na sheria zake pamoja na siasa yake. Eneo ambalo tangu mwaka 2013 lina chuo kikuu chake lenyewe haliwezi tena kutoa udhuru wa umbali wa Nairobi.

6.0 Hitimisho

Wahakiki wa kambi ya kwanza wamewanyima watu wa Kisii na Nyamira utanzu huu kwa kuwadharau. Wale wa kambi ya pili wamewanyima kwa kuwasifu, kwani anayeambiwa kwamba amekuwa na kitu tangu kale haoni haja ya kukitafuta. Kambi zote mbili zimemsahau msomaji. Daftari jingine litaokotwa siku moja, iwe karatasini au katika simu ya mkononi. Wajibu wa idara za fasihi ni kuhakikisha kwamba siku hiyo, katika umati utakaokusanyika, watakuwapo watu waliozoea kuuliza ni nani aliyeandika.