Usikimbilie kupima mifupa kwa damu

Msomaji, huenda umesikia kwamba damu kidogo tu yatosha kueleza hali ya mifupa yako. Hilo ni kweli kwa kiasi fulani tu.

Chembechembe zinazojenga mfupa hutengeneza protini iitwayo osteokalsini. Nyingi hubaki mfupani, nayo kidogo huingia katika damu. Mwaka wa 1980, Price na Nishimoto wa Marekani waliinasa humo kwa kutumia kingamwili, yaani askari wa mwili ambao kila mmoja humjua adui wake. Tangu hapo watafiti huweza kufuatilia ujenzi wa mfupa bila kuukata.

Kwa mgonjwa mmoja, mambo ni magumu. Protini hii hukatika upesi damu ikikawia kufikishwa maabarani. Kuna kingamwili zinazonasa protini nzima pekee, na nyingine hunasa hata vipande vyake. Hivyo maabara mbili zaweza kukupa majibu mawili. Kiwango chake hubadilika usiku na mchana, na figo zikiwa mbovu hupanda kwa kuwa haiondolewi mwilini vyema.

Kwa maoni yangu, hicho ni chombo cha mtafiti. Mama aliyekoma hedhi, au mzee aliyevunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu, asianze kutumia pesa zake hapo. Amwone daktari, aulizie eksirei maalumu ya kupima madini ya mifupa.

Na ukishapewa majibu ya damu, uliza: ilichukuliwa saa ngapi, na figo zangu je?