Majini ya Pwani, Waganga wa Kitui

Hivi karibuni nilisafiri kutoka Mombasa hadi Wote, mji mkuu wa Makueni, kisha nikavuka kwenda Kitui. Jioni nilikula katika hoteli ndogo zenye televisheni, na watu walikuwa wakitazama jambo lile lile: tamthilia za majini na uchawi.

Huko Wote niliona mke wa tajiri akigeuka nyoka mezani. Radi ilipiga ndani ya nyumba, moshi ukafuka, na kucha zake za plastiki zikakaribia kudondoka. Watu walicheka sana. Hata hivyo hapana aliyeinuka, na mama mpishi alimwonya yule mume kwa sauti: "Usinywe, baba, usinywe!"

Wapo wasemao kuwa huo ni ujinga. Mimi siafikiani nao. Mtazamaji anajua kuwa kucha ni za plastiki. Analolifuata ni hukumu: aliyepata mali kwa siri atalipa. Wanigeria walianza kuliuza jambo hilo kwa wingi na filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mtu anamtoa mkewe kafara apate utajiri. Wakenya wakazoea visa vya aina hiyo kwa Afrosinema ya Citizen. Tanzania nayo ilipata Shumileta ya Mussa Banzi mwaka 2005, hadithi ya jini wa kike aliyempenda binadamu. Katika nchi ya ukame kama Ukambani, ambako mvua yaweza kukosa misimu miwili mfululizo, swali la "kwa nini yeye amepata nami nimekosa?" si la mchezo.

Lakini liko lililonisumbua. Kijana mmoja aliiona kofia yangu akauliza, "Mzee, umetuletea majini mangapi kutoka Mombasa?" Tulicheka sote. Ila mama mmoja alimvuta mwanawe karibu naye.

Sikuweza kumlaumu. Kwetu Pwani, akitajwa mganga wa kutisha, si huambiwa katoka Kitui? Wao wanatuogopa kwa majini, nasi tunawaogopa kwa ndumba. Na tamthilia, kwa kutaka kuchekesha, huvichukua vitisho hivyo vyote viwili zikavivika kanzu na ngozi.

Tumesahau kuwa tu jamaa wa siku nyingi. Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851, alikuwa mkuu wa misafara ya pembe iliyoteremka Pwani. Wakamba wana ngoma ya kilumi ya kutuliza pepo, nasi tuna ngoma zetu za pepo. Sisi Waislamu tunajua kuwa majini ni viumbe wa Mungu, na sura ya 72 ina jina lao. Lakini wapi tumeambiwa kwamba wana kabila, au kwamba hupanda basi la Mombasa?

Msomaji usinielewe vibaya. Sitaki michezo hiyo ipigwe marufuku. Ila huko Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hiyo kuna shamba linalogombewa. Aliyeshika panga hakungoja radi wala moshi. Mvi zilimtosha kuwa ushahidi.

Basi watungaji watuchekeshe, nasi tucheke. Lakini televisheni ikizimwa, yule mama mpishi wa Wote na mimi mwenye kofia tubaki majirani.