Vituo Vitatu Vinatosha
Mvua zikikatika mwezi wa Mei, kuna watu hapa Lubumbashi wanaopanga safari ya treni kwa pupa: Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Kabalo hadi Kalemie, yote kwa wiki moja! Nadhani wanadanganywa na simulizi za ndugu walioko Brussels, ambako treni ya mwendo kasi hukufikisha Paris kwa saa moja na nusu hivi. Reli ya SNCC, shirika letu la reli, haina haraka hiyo. Behewa likitoka relini mtangoja porini, na muuza mihogo ya kuchemsha ndiye atakayewapa habari kabla ya mkuu wa stesheni. Chagueni vituo vitatu. Mimi ningelala Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918 na mizigo ikaendelea kwa meli kwenye mto Lualaba. Bukari na samaki wa huko si vya kula umesimama. Kisha Kamina, njia panda ya Ilebo na Kalemie, halafu Kalemie yenyewe, ziwani. Likasi iacheni, basi litawapeleka Jumamosi yoyote. Na kazini ombeni siku za ziada kabla ya kuondoka.