Tujue Mimea Yetu: Si Kila Tunda Jeusi ni Nkenene

Mwezi huu tuna swali la mama mmoja ambaye watoto wake walienda likizo kwa shangazi yao upande wa Tororo. Walirudi wakisimulia kichaka chenye miiba, maua ya kupendeza na vitunda vyeusi. Wanasema ni yale yale ambayo nyanya yao alikuwa akichuma Mlima Elgon. Mama anauliza: hicho kichaka ni cha ukoo wa waridi kweli? Na wakila, ni sawa?

Wengi wetu tunaijua njia hiyo. Waliovuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, walikaa Mulanda pale Tororo kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Sasa, kule juu mlimani ni baridi na msitu. Busia na Tororo ni chini, ni joto, nyasi na vichaka. Kwa hivyo mtu akishuka na macho ya mlimani ni rahisi adanganyike.

Tuanze na ukoo wenyewe. Ukoo wa waridi ni mkubwa: kuna tufaha, pichi, plamu, lokwati, na hata ule mti wa mwiritsa wa msitu wa Kakamega, ambao gome lake hununuliwa kwa dawa ya tezi dume. Ua la ukoo huu kwa kawaida lina petali tano, na kila moja imejitenga. Ukiivuta inatoka peke yake. Katikati kuna nyuzi nyingi zenye unga. Majani hukaa kwa zamu kwenye tawi, moja huku, lingine kule juu kidogo, na mara nyingi ukingo wake una meno kama msumeno. Pale jani linaposhikana na tawi tafuta vijani viwili vidogo. Najua waliofanya kazi mashamba ya maua Naivasha watatupinga, eti waridi la kule lina petali nyingi hata kuhesabu huwezi. Ni kweli, lakini hilo limetengenezwa na wakulima kwa kuchagua mbegu miaka mingi. Waridi la porini lina tano.

Nyanya alikuwa akichuma nini basi? Bila shaka ni nkenene, kama Waganda wanavyoita, na wataalamu huita Rubus. Huo ni wa ukoo wa waridi. Jani lake limegawanyika vijani vitatu, vitano au zaidi, na miiba imejikunja kama ndoana. Tunda ni vitembe vingi vilivyoshikana, ukichuma linatoka lote pamoja.

Kichaka cha Tororo tunaamini ni lantana, ile Waganda huita kayukiyuki. Hiyo si ya ukoo wa waridi hata kidogo, ilitoka Amerika ya joto na kuletwa kama ua la kupamba. Majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana. Shina lina pembe nne, lipapase tu na vidole. Ponda jani unuse: harufu ni kali. Maua ni madogo kama vibomba, yamekusanyika kichwa kimoja chenye rangi mbili au tatu, manjano katikati na wekundu pembeni. Na vitunda, ingawa viko kwa kundi, kila kimoja kinachumika peke yake na kina kokwa moja ndani.

Kosa hapa lina hatari yake. Vitunda vya lantana vikiwa bado kijani vinaweza kumdhuru mtoto: kutapika, kuhara, kulegea, kupumua kwa shida. Kuna watu hula vilivyoiva, lakini mtoto mdogo hawezi kuchagua, kwa hivyo sisi tunasema asiguse kabisa. Akishakula, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni kituo cha afya haraka, na mbebe tawi lenye jani, ua na tunda ili mhudumu aone mwenyewe. Mbuzi na ng'ombe nao wakila majani huumia ini, macho yanakuwa manjano na ngozi inababuka kwenye jua. Majani yaliyonyauka bado yana sumu, msiwatupie.

Wazee wa Busia na Tororo wana sababu nyingine ya kukichukia kichaka hiki. Ugonjwa wa malale ulipolipuka Busoga mwaka 1976, na kufika Tororo miaka ya 1980, mbung'o walikuwa wakijificha kwenye vichaka vya lantana vilivyoota karibu na nyumba na kwenye mashamba ya kahawa na pamba yaliyoachwa. Upande wa Kenya wagonjwa walitibiwa Alupe, pale Busia.

Basi mama, mwambie shangazi aing'oe na mizizi, maana ukiikata tu inachipuka tena, na afanye hivyo kabla vitunda havijaiva, kwa sababu ndege ndio wanaotawanya mbegu. Kama ndiyo ua la boma lake, aanze na upande ule watoto wanachezea.